Nani Alianguka Kwanza

Wenzangu mnaobaki idarani,

Edapal ameniwekea faili tupu mezani na kuniambia niandike mambo ya kazi kabla sijaondoka nayo kichwani. Nilimuuliza kwa nini mtu wa miaka thelathini na minne aandike kumbukumbu kama mzee. Akasema barua ya kustaafu haikuuliza umri. Ni kweli. Inasema tu "kwa sababu za kiafya". Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa, maana ndivyo nilivyo, na sijaliona.

Habari za vyeo na mshahara ulizeni ofisini. Mimi nitaandika juu ya kupima kizunguzungu, kazi niliyoipenda kuliko zote hapa, na ambayo niliifanya vibaya mara tatu. Mara ya kwanza ilichekesha. Ya pili ilimuua mtu ambaye alikuwa hai. Ya tatu ndiyo iliyonileta kwenye faili hili.

Nilizaliwa Lodwar lakini nilikulia Kitale na kusomea Nairobi, kwa hiyo siku niliyorudi Lodwar kuripoti kazini Kiturkana changu kilikuwa cha kusalimia na kugombana tu. Edapal alinipokea. Wengi wenu mnamjua akiwa na mvi. Wakati huo hakuwa nazo, lakini maneno yake yalikuwa machache vilevile. Ni msaidizi wa tiba ya viungo, hana digrii, na alikuwa idarani kabla idara haijawa na mlango. Alinipa vifaa vyangu: futi ya kupimia, saa ya kuhesabia sekunde, kipande cha chaki na rundo la karatasi.

"Chaki ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuchora mstari sakafuni. Mgonjwa anatembea juu yake."

"Na akitoka nje ya mstari?"

"Unajua ametoka."

Nilidhani ananidharau. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenieleza kipimo chote.

Mnajua wenyewe shida yetu. Homa ina kipimajoto, presha ina mashine, lakini kizunguzungu hakionekani. Mtu aliyevunjika mguu na kugonga kichwa anaweza kuunganika mfupa vizuri, misuli ikarudi, na bado akaanguka akiinama kuokota kiatu. Kwa hiyo tunamuuliza. Tuna mstari wa sentimita kumi kwenye karatasi, sifuri ni hakuna na kumi ni kupita kiasi, naye anaonyesha alipo. Halafu tuna orodha ya maswali. Moja linauliza kama kizunguzungu huzidi unapopita katikati ya rafu za supamaketi. Nimewauliza swali hilo watu wa Lokiriama. Wananitazama kwa huruma. Ofisi ilisema lisilohusika liandikwe sifuri, na hivyo wagonjwa wangu wa mbali walionekana wazima zaidi kuliko wa mjini kwa sababu tu hawana supamaketi. Nilipinga hilo kwenye mkutano wangu wa kwanza. Nililipinga kwenye mkutano wangu wa mwisho pia. Bado ni sifuri.

Wiki yangu ya kwanza kila mgonjwa niliyemlaza kwenye kitanda cha uchunguzi alisema dunia inayumba. Saba kwa saba. Nilikaa jioni nikaandika kurasa nne kuhusu joto, upungufu wa maji na masikio ya watu wa Turkana, nikitaka kuzituma chuoni kwa mwalimu wangu. Asubuhi Edapal akaja na kipande cha mbao, akakisukuma chini ya mguu mmoja wa kitanda, akakalia kitanda na kujitikisa. Kikatulia.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangoja uulize kitanda."

Hilo ndilo kosa la kuchekesha. Kipande kile cha mbao bado kipo. Msikitupe.

Sasa Arupe.

Arupe alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, kutoka upande wa njia ya Lokiriama. Alikuwa amekuja Lodwar kuuza mikeka, akagongwa na bodaboda. Mguu ulivunjika chini ya goti, na kichwa kikagonga barabara. Alipotolewa plasta alikuja kwetu kujifunza kutembea upya, akilala kwa dada yake hapa mjini. Mume wake, Lokol, alikuwa mbali na mifugo, na alikuwa ametuma neno moja tu: asirudi nyumbani bila karatasi ya daktari. Nyumbani kulikuwa na watoto wanne waliobaki na mke mwenziwe, na kulikuwa na kisima.

Kisima ndicho kilichonitia hofu. Wakati wa kiangazi watu wa kwao huchimba kwenye mchanga wa laga, yaani mto uliokauka, hadi maji yapatikane, na shimo huwa refu kuliko urefu wa watu watatu au wanne. Wanasimama kwenye vidato vilivyochimbwa ukutani, mmoja juu ya mwingine, wanapokezana ndoo. Nafasi ya Arupe ilikuwa kidato cha pili kutoka chini. Anainama, anapokea ndoo, anainua uso juu, anampa mwenzake. Mtu mwenye kizunguzungu akiinua uso pale, anaanguka, na aliye chini yake anaangukiwa.

Wiki ya kwanza nilimwonyesha mstari akaweka kidole kwenye nane. Nikampa mazoezi. Wiki ya pili sita. Ya tatu nne. Ya nne akaweka kidole kwenye moja, tena bila kusita. Nilichora mchoro wa mstari ukishuka, nikaubandika ukutani, nikauonyesha kwenye mkutano. Watu wakapiga makofi. Edapal alisimama mlangoni akiutazama kwa muda.

"Unapinga nini?" nikamuuliza.

"Sipingi. Naona zimeongezeka."

"Nini?"

"Shanga."

Nyinyi mnawaona akina mama wetu kila siku. Shanga za Arupe zilianzia mabegani, safu juu ya safu, zikapanda hadi chini ya kidevu. Mwezi mmoja kabla, kidevu chake kilikuwa huru. Nilikuwa nimeona safu mpya na kuwaza kwamba dada yake anampenda. Sasa nikamtazama akitembea kwenye mstari wa chaki. Hakugeuza kichwa hata kidogo. Nikimwita kutoka kushoto aligeuka mwili mzima, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Alikuwa amejijengea shingo ya mbao. Kichwa kisipocheza, kizunguzungu chake hakiamki, na wakati huohuo kichwa kisipocheza, hakiponi. Mchoro wangu ulikuwa mchoro wa shanga.

Mnafikiri nilimshukuru Edapal? Nilikasirika. Nilimwita Arupe na dada yake chumbani nikasema shanga zitoke.

Dada yake alitafsiri, kisha akabaki mdomo wazi kama mtu aliyesikia alichosema mwenyewe. Arupe akanijibu mwenyewe kwa Kiswahili.

"Mume yangu iko hai."

"Nani amesema amekufa? Ni dakika tano."

"Daktari, kwetu shanga inatoka siku mume amekufa."

"Hapa si kwenu, hapa ni hospitali. Nitakupimaje shingo nisiyoiona?"

Akaweka mkono juu ya shanga. Kisha mimi, niliyehoji supamaketi, niliyehoji ofisi, niliyehoji kila kitu isipokuwa sauti yangu, nikasema maneno ambayo ningependa yasomwe polepole na kila atakayefungua faili hili. Nilisema, "Bila kipimo hakuna karatasi."

Ilichukua muda mrefu. Safu zilikuwa zimeshikana kwa mafuta na vumbi, na dada yake alizishusha moja moja kwenye beseni la chuma. Mlio wa shanga kwenye chuma bado ninao. Chini ya shanga shingo ilikuwa nyembamba na nyeupe kuliko uso, kama ngozi iliyokuwa chini ya plasta. Nilipomlaza na kugeuza kichwa chake kulia, macho yalianza kucheza, yakipiga upande mmoja kwa kasi, akanishika mkono kwa kucha, akatapika. Hakuwa moja. Alikuwa tisa.

Kitabu cha chuoni kilikuwa upande wangu. Nilimwambia akae wiki mbili bila shanga, afanye mazoezi ya kugeuza kichwa, kisha arudi. Nikampa miadi iliyoandikwa vizuri. Aliondoka akiwa amejifunga leso shingoni, beseni likiwa kichwani mwa dada yake.

Leso ilianguka kwenye foleni ya maji karibu na nyumba ya dada. Mwanamke mmoja wa ukoo wa mumewe alikuwa pale, akaona shingo tupu, akaweka mtungi chini na kupiga ukemi. Arupe alijaribu kueleza. Lakini ni mjane gani asiyesema maneno ya ajabu siku ya kwanza? Kabla jua halijazama bodaboda ilikuwa imepeleka habari nyumbani kwamba Lokol amekufa mpakani, na mke mwenza akalia, na watoto wakalia, na kesho yake habari ikaondoka kuelekea malishoni kutafuta maiti.

Siku ya kumi nilikuta mwanamume amekaa kwenye veranda yetu, juu ya kigoda kidogo cha mti, kile wanachotembea nacho wanaume wa kwao, fimbo magotini, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Benchi lilikuwa wazi karibu naye.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok nooi."

"Umekuja kwa nani?"

"Nimekuja kuona daktari ile iliniua."

Sikuelewa. Edapal, aliyekuwa nyuma yangu, alielewa, akaanza kukohoa kusiko na kikohozi.

"Mimi ndio marehemu," yule mwanamume akasema. "Lokol. Mume ya Arupe."

Nilikaa kwenye benchi. Akanieleza bila kuinua sauti. Alikuwa amekutana na watu wa kumtafuta njiani, na mmoja wao alikuwa ndugu yake, ambaye alifurahi kumwona lakini si haraka. Nyumbani alikuta mbuzi wamechinjwa wawili. Alikuta pia maneno yameshaanza, nani atachukua ngamia, nani atamwoa nani. "Sasa ninajua ndugu zangu," akasema. "Hiyo ni mzuri. Lakini mtoto yangu mdogo alikimbia akiniona. Alilia siku mbili. Mpaka leo ananishika kidole kuona kama iko na joto."

Nilisema pole. Halafu nikafanya kosa la kujieleza. Nilileta mchoro wangu, nikamwonyesha mstari unaoshuka, nikamweleza jinsi shanga zilivyonidanganya.

Aliutazama kwa makini kuliko watu wa mkutanoni. "Ng'ombe yangu ikichechemea," akaniuliza, "mimi nakata pembe yake kwanza ndio nione mguu?"

"Hapana."

"Sasa?"

 Edapal ndiye aliyeleta jibu. Alisema mbele ya Lokol, kwa Kiswahili ili nisijifiche nyuma ya Kiturkana changu kibovu, kwamba kama shingo haiwezi kugeuka peke yake, basi mtu ageuzwe mzima. "Tumwangushe kama ubao," akasema.

Chuoni nilikuwa nimefundishwa hilo kwa jina lingine, kwa ajili ya wazee wenye shingo zilizokauka. Sikuwahi kufikiri kwamba shingo yenye shanga ni shingo kama nyingine isiyogeuka. Tukatuma aitwe Arupe. Alikuja na shanga zake zote, na safu moja nyekundu iliyoongezwa na mumewe. Tukamketisha katikati ya kitanda, miguu ikining'inia. Mimi nikashika kichwa, Edapal mabega, Lokol akaambiwa ashike miguu, akaweka fimbo chini kwa mara ya kwanza. Tukamwangusha upande wa kulia mzima mzima, kichwa na kiwiliwili na shanga kwa pamoja. Macho yakaanza kucheza. Lokol aliyaona.

"Hiyo ni nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndicho kizunguzungu chake."

"Tisa," Arupe akasema, macho yakicheza, kabla sijamuuliza.

Tulingoja yatulie nikihesabu sekunde, kisha tukamrusha upande wa pili kwa mwendo mmoja, tukangoja tena. Walioleta mbinu hii wanasema ndani ya sikio kuna chembe ndogo mno kama mchanga, zikitoka mahali pake mtu huzunguka, na mwendo ule unazirudisha. Arupe aliponiuliza nikamwambia ni mchanga umeingia kisimani, tunauondoa. Alilielewa hilo kuliko nilivyolielewa mimi nilipolisoma. Tulirudia mara tatu kwa siku tatu tofauti. Mara ya mwisho macho yalikaa kimya.

Siku niliyompa karatasi nilimuuliza kwa nini wiki ile ya nne aliniambia moja.

"Wewe uliuliza namba," akasema. "Mimi nilitaka karatasi."

Msifikiri alikuwa mwongo. Alikuwa amesoma kipimo changu vizuri kuliko mimi na kujua kinafungua mlango gani. Kila mgonjwa anajua mlango ulio nyuma ya swali lenu. Jueni na nyinyi. Tangu siku hiyo sikuchukua namba ya mtu bila kumtazama shingo yake kwanza, akitembea, akiitwa kwa ghafla kutoka pembeni. Na sikumtoa mtu shanga tena. Mtoto wa Lokol ndiye deni langu pale. Kwa muda gani alishika kile kidole sikuwahi kuuliza.

Hayo yalikuwa miaka kadhaa iliyopita. Ningeishia hapo ningeonekana mtu aliyejifunza.

Mwaka juzi niliugua maambukizi ya damu. Sindano nilizochomwa kwa siku nyingi ziliniokoa, sina ugomvi nazo. Lakini dawa ya aina ile wakati mwingine huua sehemu ya sikio inayoshika mizani, na kwangu iliua pande zote mbili. Si kama kizunguzungu cha Arupe. Dunia haikuzunguka. Ilirukaruka. Nikitembea, maandishi ya bango yaliruka nisiweze kuyasoma hadi nisimame. Nikifumba macho kuoga nilishika ukuta. Na hakuna chembe ya kurudisha, hakuna kumwangusha mtu kama ubao. Sehemu hiyo ikifa imekufa.

Nilijua ni nini tangu wiki ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapima wengine. Daktari aliyeniruhusu kurudi kazini aliniuliza kwa namba, sifuri hadi kumi. Nikasema mbili. Akaandika mbili. Nilitaka karatasi.

Nilirudi kazini nikajipanga. Nilitembea miguu ikiwa mbali kidogo, macho nikiyakaza kwenye kitu kimoja mbele. Kichwa sikukigeuza; mtu akiniita niligeuka mzima. Kazi za kuinama niliwaachia wengine, nikasema napenda kujaza fomu. Nyinyi mliamini, ingawa kila mtu anajua ninavyozichukia fomu.

Asubuhi moja tulikuwa njiani kwenda Kakuma, kwenye kliniki yetu ya wiki kule kambi ya wakimbizi, Edapal akiendesha. Katikati ya njia akasema, "Daktari, siku hizi umevaa shanga ngapi?"

"Mimi sijavaa shanga."

"Naiona shingo."

"Tazama barabara, mzee."

Akatazama barabara. Nimemlaumu kwa kunyamaza pale, na nimejilaumu kwa kumlaumu.

Kakuma tulikuwa na Majok, kijana wa Sudan Kusini aliyekatwa mguu wa kushoto juu ya goti. Alikuwa amengoja mguu wa bandia kwa muda mrefu, na siku ile ilikuwa ya tatu kuusimamia. Dada yake alikuwa akiolewa baada ya wiki chache. Baba yao hakuwepo tena, na Majok ndiye angemtembeza dada kuingia kanisani. Alikuwa amesema kwa kila mtu aliyepita: hataingia kanisani kwa magongo wala kwa kiti cha magurudumu. Ataingia akitembea.

"Doktora!" alinipigia kelele toka mbali. "Leo mimi nakwenda mpaka Juba."

"Leo unakwenda mpaka mwisho wa vyuma," nikamwambia. "Juba baada ya chakula."

"Wewe doktora unaogopa mbali."

Alisimama katikati ya vyuma viwili vya kushikia. Sheria yetu ni kwamba mmoja anakaa nyuma ameshika mkanda wa kiunoni, na mmoja mbele. Edapal alikuwa amekwenda nje kutafuta soksi ya kuvisha kisiki cha mguu uliokatwa. Ningeweza kungoja. Nilishika mkanda mwenyewe. Majok alitembea vizuri, hatua sita, saba, akaachia chuma kimoja kwa maringo. Nyuma yetu mtu akaita, "Doktora!" kwa sauti kali. Niligeuza kichwa.

Sijui kueleza zaidi ya hivi: sakafu iliondoka. Mikono yangu ilikuwa kwenye mkanda, na badala ya mkanda kunifanya nimshike yeye, ulimfanya yeye anifuate. Nilisikia mfupa. Ulikuwa wa paja la mguu wake mzima.

Alilala juu ya mkono wangu. Hakupiga kelele. Jasho lilikuwa limemjaa usoni, akanitazama kwa karibu sana, akauliza, "Doktora. Nani alianguka kwanza?"

Nikasema, "Tulia, usisogee."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili tulijua.

Alipokwisha kupelekwa hospitali nilikaa kujaza fomu ya ajali. Kuna mstari unaosema elezea kilichotokea. Niliandika: "Mgonjwa aliachia chuma na kupoteza mizani." Kila neno lilikuwa kweli kwa namna yake. Aliachia chuma. Alipoteza mizani. Edapal aliingia na ile soksi mkononi, akasoma begani kwangu. Nilingoja aseme kitu. Aliiweka soksi mezani akaenda kusimama kwenye vyuma, akavishika kimoja baada ya kingine na kuvitikisa kuona kama vimelegea. Vilikuwa imara. Akaendelea kuvitikisa.

Nilichana ile fomu. Nikachukua nyingine nikaandika: "Aliyemshika mgonjwa ana ugonjwa wa mizani ambao ameuficha. Yeye ndiye aliyeanguka kwanza." Kisha nikamwambia Edapal anipime.

"Hapa?"

"Hapa."

Alichora mstari wa chaki sakafuni. Nilitembea hatua mbili nikatoka nje. Aliniambia nisimame juu ya godoro jembamba, miguu pamoja, nifumbe macho. Sikufika sekunde ya pili. Nilifumbua nikiwa mikononi mwake. Akachukua karatasi yenye mstari wa sentimita kumi, akaishika mbele yangu. Niliweka kidole kwenye nane. Aliandika nane, tarehe, na jina langu lote kama la mgonjwa mwingine. Karatasi hiyo nimeiweka mwanzo wa faili hili, kabla ya kurasa hizi. Kila aliyekuja baadaye na barua zenye mihuri alithibitisha tu alichoandika Edapal kwa penseli.

Arusi ya dada yake ilipita Majok akiwa kitandani. Mjomba ndiye aliyemtembeza bibi arusi. Hilo haliponi hata mfupa ukipona, na mfupa umechukua miezi.

Wiki iliyopita, safari yangu ya mwisho Kakuma, alikuwa amerudi kwenye vyuma. Sikuwa na ruhusa ya kumshika mtu yeyote, nilikwenda kusema neno moja. Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa bandia umelala magotini kama mtoto.

"Majok, mimi ndiye niliyeanguka kwanza. Nilikuwa mgonjwa, nikaficha."

Aliushika ule mguu kwa mikono miwili. "Umeandika hivyo?"

"Nimeandika."

"Kwa karatasi ya serikali?"

"Yenye jina langu."

Akaitikia kwa kichwa. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Akavaa mguu, akakaza mikanda yake mwenyewe pole pole, akauliza, "Sasa nani atanishika?"

"Huyu, Edapal."

Majok akamtazama Edapal kuanzia miguuni hadi kwenye mvi. "Huyu mzee? Shingo yake inageuka?"

Edapal hakucheka. Aliweka chaki mfukoni akasimama mbele ya Majok, mikono kando. Majok akanyoosha kidole kushoto, na Edapal akageuza kichwa kushoto. Kidole kikaenda kulia, naye akageuka kulia. Juu, akatazama mabati ya paa. Chini, akatazama sakafu. Kisha Majok akagonganisha viganja mara moja kwa nguvu kando ya sikio la yule mzee, kwa ghafla, na Edapal akageuka upesi kuelekea sauti, miguu yake haikusogea.

"Haya," Majok akasema, akashika vyuma.